Kabla ya Kubadilisha Springi na Shokapu za Gari la Zamani la Porini

Magari ya porini yaliyotengenezwa miongo miwili au mitatu iliyopita yangali yakifanya kazi nzito nchini Tanzania. Hubeba watalii, mazao, vifaa vya miradi na familia, mara nyingi katika barabara zisizo na lami. Kadiri yanavyozeeka, wamiliki hushauriwa kuyafunga springi ndefu na ngumu zaidi pamoja na shokapu mpya ili yanyanyuke na kubeba mzigo mkubwa. Katika makala haya tunaeleza yale ambayo mlaji anapaswa kuyafahamu kabla ya kulipa. Seti kamili ya vipuri hivi ni ghali, na ikichaguliwa vibaya hudhoofisha breki na usukani.

Springi na shokapu huuzwa pamoja, lakini kazi zake ni tofauti. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu hutuliza mrusho wa springi ili tairi lisiachane na barabara. Kwa hiyo, muuzaji anayedai kwamba shokapu ngumu za kawaida zitaliinua gari linalolala nyuma likipakiwa anampotosha mteja wake.

Jina la gari peke yake halitoshi kuagizia kipuri. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile ambazo wengi huziita «mkonga», zilianza kuuzwa mwaka 1984, na matoleo yake ya kazi nzito yalikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Kuanzia mwaka 1999 ekseli ya mbele ilipewa springi za koili, nyuma yakabaki mabamba. Land Rover nazo zina historia yake: Series III ilitumia mabamba pande zote, ilhali One Ten ya mwaka 1983 ilikuja na koili. Tunashauri mnunuzi aende dukani na namba ya chesisi, si picha ya gari tu.

Kabla ya kununua chochote, gari likaguliwe kwanza. Bushi zilizokwisha, bamba lililopasuka au shokapu inayovuja mafuta huweza kulifanya gari liyumbe na kugonga, na mwenye gari akadhani anahitaji seti nzima. Zoezi la kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu linavyoruka halitoi jibu la kuaminika kwa gari zito la mabamba, kwani msuguano wa mabamba yenyewe huzuia mrusho hata pale shokapu imekufa.

Ikithibitika kwamba springi zimechoka, swali la kujiuliza ni hili: gari hubeba uzito gani siku nyingi za mwaka? Wengi hukadiria kwa kuangalia safari moja kubwa ya likizo, na hapo ndipo hasara huanzia. Springi iliyotengenezwa kwa kilo 500 za mzigo wa kudumu, ikifungwa kwenye gari linalotembea tupu, haibonyei inavyopaswa. Tairi hurukaruka kwenye makunyanzi ya barabara ya changarawe na mitikisiko huhamia kwenye bodi na chesisi. Ni vyema gari lipimwe kwenye mizani, ekseli moja baada ya nyingine, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Vifaa vya kudumu vihesabiwe pia: ngao ya chuma na winchi vinaweza kuongeza kilo 100 hivi mbele, na lita 90 za dizeli katika tangi la ziada ni kilo 75 hivi. Hata hivyo, springi ngumu haiongezi uzito wa juu kabisa ulioidhinishwa na mtengenezaji, kwa sababu ekseli, breki na chesisi ni zilezile.

Kuhusu kunyanyua gari, tunasisitiza tahadhari. Hata milimita 50 hubadilisha mambo kadhaa. Mwinamo unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati hupungua, na gari huanza kutangatanga barabarani. Propela hupata pembe kali zaidi. Mipira ya breki huweza kuvutika ekseli inaposhuka hadi mwisho. Jambo linalosahaulika zaidi ni vali ya breki za nyuma. Katika Toyota nyingi za aina hii, vali hiyo imeunganishwa na ekseli kwa fimbo ili ipime mzigo: nyuma ikishuka, huongeza nguvu ya breki za nyuma, ikipanda, huipunguza. Gari lililonyanyuliwa bila kurekebisha fimbo hiyo huifanya vali ione kama halina mzigo, hata likiwa limejaa abiria. Fundi aulizwe mapema, kabla ya bei kukubaliwa, iwapo marekebisho hayo yamo katika gharama. Taa za mbele nazo zielekezwe upya.

Shokapu zichaguliwe ziendane na urefu na ugumu wa springi. Zile zenye gesi ya naitrojeni huchelewa kutoa povu la mafuta katika safari ndefu za makunyanzi. Kwa gari la mjini faida hiyo ni ndogo.

Mwisho ni suala la uhalisi. Boksi lenye nembo inayojulikana si uthibitisho. Namba ya kipuri ilinganishwe na ile iliyo kwenye orodha ya mtengenezaji, na risiti itaje chapa, namba hiyo, uzito ambao springi imetengenezewa na muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, lakini ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Vipuri vya zamani visiachwe gereji. Mwenye gari avichukue na kuvihifadhi hadi atakapokuwa ameendesha kilomita mia chache na kufanyiwa ukaguzi wa kukaza nati upya, kwa kuwa vitahitajika kwa ulinganisho endapo atawasilisha malalamiko.