Kumbukumbu ya mashine pepe

Kumbukumbu ya mashine pepe ni sehemu ya RAM ya kompyuta halisi inayotengwa kwa ajili ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe huitwa mgeni. Ugawaji hufanywa na programu simamizi, kama vile VMware ESXi, KVM au VirtualBox.

Historia

Mashine pepe za kwanza zilitengenezwa na kampuni ya IBM nchini Marekani katika miaka ya 1960. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilieneza teknolojia hiyo kwenye kompyuta za kawaida.

Kupanga kiasi

Mgeni akipewa kumbukumbu ndogo mno, huanza kuhamishia data zake kwenye diski, ambayo ni ya polepole sana kuliko RAM. Ikiisha kabisa, mfumo wa Linux huchagua programu moja na kuizima ghafla. Mara nyingi huwa ile inayotumia kumbukumbu nyingi, kwa mfano hifadhidata.

Kutoa kupita kiasi nako kuna hatari. Mwenyeji mwenye gigabaiti 16 akiwapa wageni wanne gigabaiti 4 kila mmoja, hesabu inatimia, lakini yeye mwenyewe habakiwi na kitu. Akiwapa 3 kila mmoja, anabaki na 4 za kujiendeshea.

Kuahidi zaidi ya kilichopo

Kwa kuwa wageni wote kwa kawaida hawatumii kumbukumbu yao yote kwa wakati mmoja, programu simamizi nyingi huruhusu jumla ya ahadi kuzidi RAM iliyopo. Ni kama benki inayokopesha akiba za wateja: mambo huenda vizuri mpaka wote wadai kwa pamoja. Hapo hutumika njia tatu:

* Puto: programu ndogo ndani ya mgeni huomba kumbukumbu, kisha mwenyeji huichukua na kumpa mwingine. Faida yake ni kwamba mgeni mwenyewe huchagua cha kuachia.
* Kushirikisha kurasa: kurasa za kumbukumbu zinazofanana huhifadhiwa mara moja tu. Linux ina uwezo huu tangu mwaka 2009.
* Kuhamishia kwenye diski ya mwenyeji: hii ni njia ya mwisho, kwa sababu mwenyeji hajui ni kurasa zipi mgeni anazihitaji.

Kima cha chini na kikomo

Katika VMware, mgeni anaweza kuwekewa kima cha chini ambacho hakinyang'anywi, na kikomo asichoweza kukivuka. Kikomo huleta makosa mara kwa mara, kwa kuwa mgeni hakioni. Aliyepangiwa gigabaiti 8 na kuwekewa kikomo cha 4 huendelea kuamini kwamba anazo 8. Akizitumia, zinazozidi huchukuliwa kwa puto au kupelekwa kwenye diski, naye hupunguza kasi hata kama mwenyeji ana nafasi tele. Kwa hiyo, anayetaka kumpunguzia mgeni kumbukumbu ni heri apunguze kiasi alichopangiwa, ili mgeni ajue alicho nacho.