Noti Mbili Zinazohama

Kati ya Mbegani na Bagamoyo mjini hukosi mpiga gitaa. Chuo cha sanaa kipo tangu 1981, siku hizi kikiitwa TaSUBa, na vijana wanaofuata muziki huku ni wengi. Sehemu kubwa yao wamelelewa na dansi, na dansi letu aghalabu ni meja: kodi tatu za gitaa, skeli moja, solo inatiririka mpaka alfajiri. Wape wimbo wa maina uone. Kijana anang'ang'ania noti zake tano, A, C, D, E na G, anazunguka humo humo. Haharibu sana, ila E7 ikiingia anasikika kama mtu aliyekosea ukumbi.

Tatizo ni kutafuta skeli moja ya wimbo mzima. Chukua A maina. Noti tano hazitikisiki: A, B, C, D, E. Mbili zilizobaki ndizo zinazohama: ya sita ni F au F shapu, ya saba ni G au G shapu. Majina yale ya vitabuni yanayotisha, maina ya asili, ya hamoni, ya melodi, Dorian, ni namna nne tu za kuzipanga hizo mbili. Anayeamua ni kodi inayopigwa chini yako.

Zungusha Am, G, F, E7. Kwenye tatu za mwanzo G ya kawaida inakaa bila shida. E7 ina G shapu ndani yake, kwa hiyo ukiganda kwenye G utagombana na ridhim. (Wapiga bluzi hugombana hivyo makusudi, na inawapendeza.) Badilisha noti hiyo moja, basi.

Hapa mtu wa pwani ana mtaji. Shika uzi mwembamba kabisa: E wazi, F freti ya 1, ruka hadi ya 4 upate G shapu, kisha A freti ya 5, B ya 7, C ya 8, D ya 10. Piga taratibu, ridhim ikishikilia E7. Hiyo ni Hijaz, ile ile ya kwenye taarab. Anzia noti hizo hizo kwenye A, umepata Nahawand. Sikio lako linazijua zamani. Vidole ndivyo vilivyokuwa havijaambiwa.

Ikija D meja badala ya Dm, F inapanda kuwa F shapu na G inabaki: Dorian. “Oye Como Va” ya Tito Puente, ambayo Santana waliirekodi upya 1970, inazunguka hapo hapo, kati ya Am na D. Kupandisha zote mbili mimi hufanya kwa nadra, nikikimbilia A ya juu. Juu ya E7, F shapu inaondoa ukali wote wa Hijaz.

Jihadhari tu na Bayati, skeli nyingine ya taarab, maana inasikika kama maina. Ikianzia D, noti yake ya pili inakaa kati ya E flati na E, na hapo gitaa halina freti. Unaweza kuuvuta uzi ukaikaribia mara moja moja. Tuni ikiwa ndefu, mwachie mpiga fidla au udi, wewe shika ridhim.