Uso Mweusi Hauna Hatia

Kila picha za mahafali zinapobandikwa ubaoni, wanafunzi husikika wakinung'unika: "Mimi sijatoka vizuri." Kwa mtu anayefundisha isimu, sentensi hii ina uzito wake. Kiima chake ni mpigwa picha. Aliyeshika kamera hatajwi, wala mwanga hautajwi. Lawama yote imetupiwa uso. Na mara nyingi msemaji ni yule mwenye ngozi nyeusi tititi.

Ukweli ni kwamba filamu za rangi zilizotujia kutoka Marekani zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe. Kodak ilizipa maabara za kusafishia picha kadi ya mfano yenye mwanamke Mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley, na rangi zikapimwa kwake. Sisi tukabaki meno na macho. Kamera za simu za leo zimerekebisha mengi, lakini kosa moja lingali mikononi mwetu: kummulika mtu flashi usoni moja kwa moja. Paji hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na vivuli vinavyoupa uso umbo la shavu na taya hufutika.

Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako, Mali, mnamo 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na shuka la kitanda chake ndilo lililokuwa pazia lake la kwanza. Weusi wa nyuso zile una kina, wala haukuhitaji mtambo wa bei.

Basi mwanafunzi asiye na fedha za studio afanyeje? Achague dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja: asubuhi linaloelekea magharibi, alasiri la mashariki. Huku kwetu kwenye ikweta, kanuni hiyo hufaa mwaka mzima. Aketi hatua moja hivi kutoka dirishani, ubavu ukielekea mwanga, kisha augeuze uso kidogo kuufuata. Asikae mbali, kwani mwanga wa dirisha hufifia upesi kadiri mtu anavyorudi chumbani. Upande wenye giza, mwenzake ashike shuka jeupe ili mwanga urudi shavuni. Ngozi nyeusi hupendeza inapoakisi kitu kipana chenye mwanga, ndiyo maana shuka hushinda taa kali. Wapo wanaoagiza poda ili kuzuia mng'ao. Mimi sikubaliani nao, mng'ao ndio unaochonga uso.

Balbu ya manjano izimwe, maana mianga ya rangi mbili huvuruga rangi ya ngozi. Ukuta wa nyuma usiwe mweupe pe: kamera hukadiria mwanga kwa wastani wa yote inayoyaona, na weupe mwingi huifanya iutie uso giza. Ukigusa uso kwenye kioo cha simu, itapima hapo.

Walimu wanaosimamia majarida ya shule wanaweza kulifanya hili zoezi la alasiri moja, darasa zima likibadilishana nafasi dirishani. Kinachonikera mimi ni zile simu zinazong'arisha ngozi bila kuombwa. Anayetuma picha ya kuombea ufadhili aingie kwanza kwenye mipangilio ya kamera, aizime hiyo huduma ya urembo, ndipo aketi.