Umelipia Wimbo, Kompyuta Iko Kimya



Kompyuta kuukuu zimefika hadi kwenye layini za mashamba. Jumapili mtu ananunua bando, anapakua nyimbo za kwaya au za dansi, akibofya, kimya. Jumatatu anakwenda kwa fundi, na fundi anadai ujira wa siku mbili kwa kazi ya dakika tano. Hilo ni jasho lenu. Kagueni wenyewe kwanza.

Anza na ukubwa wa faili. Wimbo wa mp3 wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 1 kwa kila dakika. Basi wimbo wa dakika 4 uwe na megabaiti 4 hivi; ukiwa wa kiwango cha 320, hukaribia 10. Ukikuta kilobaiti 40 tu, hapo hakuna wimbo. Mara nyingi ni ukurasa wa matangazo uliobandikwa jina la wimbo. Futa.

Kisha tazama mkia wa jina. Ukiona .crdownload kwenye Chrome, au .part kwenye Firefox, upakuaji haujaisha: labda umeme ulikatika, labda bando liliisha njiani. Kubadilisha jina hakusaidii. Fungua orodha ya vilivyopakuliwa, uamuru uendelee. Tovuti nyingi zitaanzia pale ulipoishia, nyingine zitakurudisha mwanzo, na hapo bando lako linaliwa mara ya pili.

Mkia huohuo ndio wenye hatari kubwa. Windows kwa kawaida huuficha, hivyo faili liitwalo wimbo.mp3.exe utaliona kama wimbo.mp3. Hilo ni programu, si wimbo, na ukilibofya umemfungulia mwizi mlango. Mwezi Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilianzia Ufilipino vikaenea duniani kwa hila hiyohiyo: faili lilijifanya barua ya mapenzi, kumbe mkia wake wa kweli ulikuwa .vbs. Viliharibu picha za watu na kuficha nyimbo zao za mp3. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya dirisha la mafaili, uiamuru kompyuta ionyeshe mikia yote. Yenye .exe usiiguse, hata kama umetumiwa na rafiki.

Kuna na jambo la saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo mfano wa sarafu. Ikichakaa, kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na tovuti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama hupimwa kwa tarehe. Watu hulaumu mtandao bure. Sahihisha tarehe, ujaribu tena. Betri yenyewe kwa kawaida ni CR2032, na bei yake ni ndogo.

Ukubwa ukiwa sawa, mkia sawa, na sauti haikuzimwa, jaribu kuufungua wimbo kwa VLC, programu ya bure inayocheza karibu aina zote. Ikishindikana na hapo, fundi aitwe, mkubaliane bei kabla hajashika bisibisi.