Kuvu Ndani ya Darubini

Darubini kuukuu iliyopandishwa Kibo, mlimani Kilimanjaro, hushuka na hewa nyingine tumboni. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani. Mtu anapopanda, hewa ya ndani hutoka kupitia mianya ya hesi. Anaposhuka, hewa hurudi, na njiani kuna msitu: miteremko ya kusini hupata humo zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Hewa hiyo huingia na unyevu. Gizani ndani ya mkoba, kuvu huota juu ya lenzi, hula vumbi na mafuta ya vidole, hutandaza nyuzi kama utando wa buibui, kisha hutoa asidi inayochimba kioo. Waongoza watalii wa Moshi na wanafunzi wa wanyamapori pale Mweka, ambako chuo chao kipo tangu 1963, wanaishi na kufanya kazi karibu kabisa na unyevu huo.

Kwa hiyo anayetaka kufufua darubini ya zamani nyumbani, iwe ya kuangalizia ndege au ya bunduki, asianze na rangi ya nje. Ya bunduki hufunguliwa kwanza kwenye silaha, na silaha ibaki kwa mwenye leseni.

Aimulike kwa tochi upande mmoja, achungulie upande wa pili. Kuvu iliyo juu ya kioo hutoka kwa spiriti safi na kitambaa laini, baada ya vumbi kupulizwa. Kabla ya kutolewa, kila lenzi iwekewe alama ya penseli kwenye ukingo, kwani ikirudi kichwa chini picha huharibika. Kuvu iliyo katikati ya lenzi mbili zilizogandishwa kwa gundi ni kazi ya fundi.

Kusugua ndilo kosa kubwa. Kioo kitupu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga kila upande. Darubini yenye nyuso 10 za kioo hupitisha kama theluthi mbili tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alibuni tabaka jembamba la kupunguza hasara hiyo. Anayesugua kwa dawa ya meno hulikwangua tabaka lenyewe, na hakuna jiko linaloweza kulirudisha.

Rangi huja mwisho: nje msasa laini na rangi nyembamba, ndani ya mrija nyeusi isiyong'aa ili mwanga usirukeruke.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Leupold ya Marekani ilianza kujaza naitrojeni kavu kwenye darubini za bunduki na kuziziba. Za kabla ya hapo hazina kinga hiyo. Mwenye nayo aitoe kwenye mkoba wa ngozi, hasa wakati wa masika, aiweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, na avikaushe vifuko hivyo mara kwa mara.