Kabla Hujanunua Mashine ya Kupoza Chumba cha Bati

Mkulima wa Burat, wajua mwenyewe hali ya chumba cha bati saa nane ya mchana. Bati hupokea jua tangu asubuhi, na mtu aliyechoka kwa kufungulia maji mifereji na kuchunga punda na mbuzi akiingia kupumzika, ni kama aingiaye katika tanuri. Si ajabu basi kwamba wengine wauliza: "Je, ninunue kiyoyozi?"

Swali hili si la Burat peke yake. Katika Marekani na Uingereza wako wenye farasi wanaosafirisha wanyama wao kwa tela, na sehemu ya mbele ya tela hiyo ni kichumba cha kulala mwenyewe. Kichumba hicho kina ukuta mwembamba wa madini, hukaa juani kutwa, na umeme wake ni wa jenereta au betri. Yaani ni sawa kabisa na chumba cha mchunga mifugo kando ya boma lako. Nao hufunzwa jambo lile lile tunalokushauri wewe leo: zuia joto kwanza, ndipo ufikirie mashine.

Zuia joto

Kwanza, paka paa rangi nyeupe au chokaa. Bati jeupe hurudisha jua. Bati lenye kutu hulimeza. Chokaa huoshwa na mvua, kwa hiyo itakubidi uipake tena mvua zikiisha.

Pili, tia dari. Mikeka iliyosukwa kwa majani ya mkoma yafaa, mradi uache nafasi kati ya mikeka na bati, na matundu pande mbili ili hewa ya moto ipate njia ya kutoka.

Tatu, weka kivuli upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo libakizalo joto hata usiku. Kisha, jua likitua, fungua madirisha mawili yanayoelekeana, yenye wavu wa mbu. Usiku wa Burat hupoa, na hewa hiyo hailipiwi.

Feni ya maji

Wazee waliosafiri kwa lori katika nchi hii wanakumbuka mfuko wa turubai uliojaa maji, ukining'inia mbele ya gari. Gari likienda, upepo ulikausha unyevu wa turubai, na maji ya ndani yakawa baridi. Mtungi wa nyumbani hufanya kazi hiyo hiyo. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto: lita 2 zikikauka kwa saa moja huondoa joto la wati 1,300 hivi.

Feni ya maji hutumia njia hii. Husukuma hewa kupita katika pedi iliyolowa, nayo hutumia umeme kidogo. Ndogo yaweza kutumia wati 80 tu. Lakini yafaa mahali penye hewa kavu. Mombasa au Lamu haisaidii sana, na hata kwetu wakati wa mvua haina nguvu.

Jipimie mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Chukua vipima joto viwili, kimoja ukifunge kitambaa chenye maji, uvipepee vyote pamoja kivulini. Tuseme kikavu chaonyesha digrii 32 na kilicholowa chaonyesha 21. Tofauti ni 11, na feni nzuri yaweza kukupa hewa iliyopungua digrii 7 au 8. Tofauti ikiwa 3 au 4 tu, usijisumbue. Au jaribu gunia lililolowa dirishani, upande utokako upepo.

Feni hii yataka dirisha wazi ili unyevu utoke. Maji ya chumvi huziba pedi, na maji yaliyolala huzaa mbu. Basi mwaga tangi na ulisafishe mara kwa mara.

Kiyoyozi na hesabu yake

Nguvu ya kiyoyozi huhesabiwa kwa BTU. Mashine ya BTU 9,000 yatosha chumba kidogo chenye dari, nayo hutumia yapata wati 900. Chumba kisicho na dari kitataka mashine kubwa zaidi, nawe utakuwa unalipa ili kupoza bati.

Sasa hesabu betri. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 yaweza kutoa wati 1,200 kwa saa moja, lakini haifai kuimaliza zaidi ya nusu. Wati 600 zilizobaki zitaendesha kiyoyozi hicho dakika 40 tu. Betri hiyo hiyo itaendesha feni ya maji ya wati 80 kwa saa 7, na feni ya kawaida ya wati 40 kwa saa 15.

Ukitumia jenereta, kumbuka kwamba kiyoyozi kikianza kuzunguka chaweza kutaka umeme mara mbili au tatu ya kawaida. Tena Isiolo iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na jenereta hapa hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake.

Jenereta yaweza kuua

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haisikii. Hulewa tu, asiamke tena. Usiweke jenereta chumbani, wala barazani, wala chini ya dirisha, hata kwa usiku mmoja wa mvua. Iwe mbali, hatua kumi au zaidi, upande ambao upepo hauleti moshi chumbani. Jiko la makaa lina sumu hiyo hiyo. Lisilale ndani pamoja nawe. Ukiumwa kichwa na kichefuchefu usiku, toka nje mara moja, na uwatoe wenzako.

Basi fuata utaratibu: rangi nyeupe, dari, kivuli, madirisha, kisha feni ya maji, na kiyoyozi mwisho, kwa mwenye umeme wa kutosha. Debe la chokaa na mikeka michache huenda vikakuonyesha kwamba fedha za mashine zafaa zaidi kununua mabomba ya shamba.