Moto ya okaziyo kwa kiangazi: angalia kadre mbele ya moteri

Kila mwaka, mwezi wa 6, jambo moja linarudi kutoka Kitshanga mpaka Mweso na Pinga. Matope yanakauka, njia inafunguka, na mwenye alibakisha feza kidogo ya shimo anaanza kuuliza bei ya moto. Haiko moto ya kufanya teksi kila siku. Ni moto ya jua: ya kutembelea wakwe, ya kupeleka mama sokoni, ya kushuka Goma kuona munganga bila kungoja gari lijae. Moto mupya iko bei kali. Basi anatafuta okaziyo.

Kutafuta chombo cha jua haiko haya. Ulaya, watu wa mushahara wa kati wanafanya vile vile na magari madogo ya mbio yasiyo na paa. Wanachukua MG MGB, gari la Uingereza lililotengenezwa toka 1962 mpaka 1980, ama Mazda MX-5 ya Japani, yenye ilitoka mwaka 1989 na kupita magari milioni moja. Jua likiwaka wanaitembeza, mvua ikianza wanaifungia ndani. Na wenye uzoefu katika soko lile wanakuambia jambo moja: moteri inatengenezwa, lakini mwili wa gari wenye kuliwa na kutu unaweza kumeza feza kushinda bei ya gari lenyewe. Njo maana mununuzi mwenye akili analala chini, anaangalia tumbo la gari, mbele hajasikiliza moteri.

Maneno yale yanatufaa hata sisi huku. Piston, segma, bugi, ambreyaji, vyote ni vipande vya kununua na kubadilisha. Kadre ni mambo mengine. Kadre ikipasuka inachomelewa, na mahali pale penye ilichomelewa inaweza kukatika tena siku uko na mutu nyuma, kwenye muteremko.

Anza na kadre

Muchimbaji anajua kwamba jiwe nyeusi si zote ni koltani. Hakuna negosia ananunua mufuko bila kuufungua. Lakini mutu yule yule, akifika mbele ya moto yenye kung'aa, anasikiliza sauti mara moja na kutoa feza. Usifanye vile.

Chukua taa yako ya kichwa, ile ya kwenye shimo. Angalia sehemu tatu: shingo ya kadre pale usukani unazungukia, pale mikono ya gurudumu la nyuma imeshikilia, na pale amortisere zimefungwa. Tafuta alama ya kuchomelea, ufa mwembamba kama unywele, ama rangi mupya mahali pamoja tu. Rangi mupya ya kipande kidogo inafichaka kitu.

Kisha mwambie mwenzako aendeshe polepole mbele yako, kwa njia iliyonyooka. Simama nyuma. Gurudumu mbili zinapaswa kufuata mustari mumoja. Kama ya nyuma inaenda pembeni kidogo, moto ile ilianguka vibaya. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani kushoto na kuume: ukikwama katikati, rulma zimekufa, nazo zinabadilishwa. Ukiona mafuta yanateremka kwenye mikono ya mbele, hiyo pia inatengenezwa, lakini inapunguza bei.

Kisha moteri, ikiwa baridi

Fika mbele ya saa yenye mulipatana. Gusa moteri na mukono. Kama iko moto tayari, muuzaji aliiwasha ili uongo ufichwe. Ngoja ipoe. Moteri yenye afya inawaka kwa kiki mbili ama tatu ikiwa baridi.

Angalia moshi. Moto ya temps ine yenye inatoa moshi wa buluu bila kukoma inakunywa mafuta ya moteri: segma zimechoka. Fungua tapo la mafuta, tia kijiti safi. Ukiona unga wa chuma unaong'aa, kuna kitu ndani kinajisaga. Mulika pia ndani ya rezervuari ya esanse: kutu ya mule inashuka na kuziba karbiratere.

Sheni nayo inasema umri wa kweli. Ivute nyuma kwenye pinyo kubwa. Ikitoka na kuonesha meno, imekwisha. Na meno yenyewe yakiwa yamepinda kama ndoana, utabadilisha sheni na pinyo zote pamoja. Freni ujaribu kwenye muteremko, si mbele ya duka. Milima yetu inasamehe moteri zaifu, haisamehe freni mbaya.

Jina gani?

Wazee wanapenda Yamaha AG 100 na DT 125, zile zenye kutumiwa na mapadri na watu wa afya. AG ilifikiriwa kwa ajili ya wakulima: sheni yake imefunikwa, iko na mguu wa kusimamia pande zote mbili, na vyuma vya kulinda mikono na miguu. DT 125 ilitoka mwaka 1974, iko juu, inapita mawe bila shida. Zote mbili ni temps mbili. Zinachoma mafuta pamoja na esanse, na mafuta yale yako katika rezervuari yake. Yakiisha, piston inashika na safari imekwisha. Kwa hiyo moshi kidogo wa buluu kwazo ni kawaida. Mbele ya kununua, uliza fundi wako kama anapata vipande vyake. Akikuna kichwa, umepata jibu.

Honda CG 125 ilianza mwaka 1976. Iliwaziwa kwa inchi zenye watu hawapelekake moto garaji mara kwa mara, na moteri yake ni ya kawaida kabisa. Viwanda vingi vya China vikafuata mufano ule, ndiyo sababu fundi wengi wanaijua hata ikiwa na jina lingine.

TVS HLX 125 na Bajaj Boxer za India njo zile za teksi. Vipande ni vingi. Lakini fikiri: okaziyo ya namna ile, mara mingi imebeba watu watatu na mufuko juu ya mawe, mwaka baada ya mwaka. Basi kwake kadre ichunguzwe mara mbili.

Usisahau milima. Kila ukipanda metre 1000, moteri ya karbiratere inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu, juu hewa ni nyepesi. Milima ya Masisi inapita metre 2000. Kule juu, 125 yako inavuta kama 100. Ukiwa peke yako, AG 100 inatosha. Ukibeba muke na mutoto, chukua 125. Na kama kadre mbili ni sawa, chukua ile fundi wa karibu yako anaijua.

Karatasi na bei

Muuzaji atasema: « Papa, hii moteri ni ya kwanza, haijafunguliwaka! » Mujibu kwa heshima: « Sawa kijana, lakini nipe kwanza karte rozi tulinganishe namba. » Namba ya kadre imechongwa kwenye chuma, mara mingi pale shingoni. Ikiwa imekwanguliwa, ama haifanane na ile ya karatasi, rudi nyumbani. Moto ya wizi haina bei nzuri. Siku mwenyewe anaitambua, unapoteza moto na feza, na pengine unalala kasho. Muandike karatasi ya mauzo, yenye majina, namba, bei na tarehe, mbele ya washahidi wawili.

Kama unaweza kungoja, usitafute mwezi wa 6 pamoja na watu wote. Tafuta mwezi wa 4 ao wa 5, mvua ingali kali. Matope yanaonesha kama moto inavuta kweli, na mwenye kuuza wakati ule anasikia maneno ya bei.

Gawanya feza yako sehemu tatu. Mbili za kununua, moja ibaki. Mwenye dola 600 atafute moto ya dola 400. Zile 200 ni za mipira, freni, mafuta, karatasi na kaske mbili. Mwenye anatoa yote 600 siku ya kwanza atapanda moto yenye mipira imekwisha.

Na mama wa nyumba ajue bei ya kweli mbele, si nyuma. Feza ya shimo haina tarehe. Wiki hii kuna produksio, mwezi ujao hakuna kitu. Mwezi wa 9, mvua na masomo vinarudi pamoja. Moto yenye ilikula feza yote mwezi wa 6 njo ile inauzwa haraka mwezi wa 9, nusu bei, juu ya kulipa sekondari ya mutoto. Faida yote inabaki kwa mwenye kununua.

Tena huku kwetu, chombo cha jua hakikae cha jua tu. Usiku mama anashikwa na uchungu, moto njo ambulansi. Siku watu wanakimbia, moto moja inabeba mama, watoto wawili na godoro. Siku ile hakuna mutu atauliza kama rangi ni nzuri. Kama kadre ilichomelewa na kufichwa na rangi, itakatika na watu juu yake.

Mvua ikirudi na huna kazi nayo, ifunge vizuri. Ioshe matope yote, ikauke, paka mafuta kwenye sheni. Funga robine ya esanse, acha moteri imalize yenye iko katika karbiratere. Toa batri, iweke ndani ya nyumba. Simamisha moto juu ya mbao, mipira isiguse udongo wenye maji. Kila wiki mbili iwashe dakika kumi. Mwezi wa 6 utaikuta vile uliiacha.